Tuanzie Aya ya 21

Leo nataka tuzungumze habari za nyumba, na hasa ile sura ya Biblia ambayo haikosi kusomwa kwenye harusi zetu za Kikristo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na mzee wa kanisa. Kwa miaka 14 sasa, mume wangu nami tunawafundisha vijana wanaojiandaa kufunga ndoa usharikani kwetu. Jumamosi iliyopita tulifika Waefeso, sura ya tano. Nikamwomba kijana mmoja atusomee. Akafungua Biblia yake, akaanza moja kwa moja aya ya 22, pale ambapo wake wanaambiwa wawatii waume zao. Sikuwa nimemtajia aya. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumtajia. Ndivyo alivyosikia tangu utoto wake katika kila harusi aliyopelekwa akiwa amevalishwa shati jeupe: msomaji anasimama, na somo linaanzia kwa mke.

Alipomaliza, mchumba wake akanyoosha mkono. Ni binti mhasibu, mpole, si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Shikamoo mama. Naomba kuuliza. Tukishaoana, akiniambia niache kazi, natakiwa nitii?"

Darasa lote likatulia. Yule kijana akainamia Biblia yake kama anayetafuta aya nyingine. Nitakuambia tulimalizaje, lakini kwanza nataka nikupitishe njia niliyopita mimi mwenyewe, maana jibu langu la leo silo ambalo ningempa miaka 30 iliyopita.

Nitaanza na kitenzi. Mwalimu wa lugha hawezi kuliacha neno lipite bila kulikagua. Katika Biblia yetu ya Union Version, ile iliyotoka mwaka 1952 ambayo wengi wetu ndiyo tuliyobatizwa nayo, aya ya 21 inatumia kitenzi cha kunyenyekea, tena katika kauli ya kutendana: kunyenyekeana. Aya ya 22 inapofika kwa wake, kitenzi kinabadilika, kinakuwa kutii. Endelea mpaka sura ya sita: watoto kwa wazazi wao, kutii. Teremka mpaka aya ya tano: watumwa kwa mabwana zao, kutii tena. Mke, mtoto na mtumwa wamefungwa kwa kitenzi kimoja, na kunyenyekeana kumeachwa peke yake huko juu, kama aya ya somo jingine.

Sasa njoo kwenye Kiyunani, lugha aliyoiandikia Paulo. Huko mgawanyo ni mwingine kabisa. Kwa watoto na kwa watumwa Paulo ametumia kitenzi chenye mzizi wa kusikia, kile cha mtu anayepokea amri na kuitekeleza. Kwa wake hakukitumia hicho. Tena katika baadhi ya nakala za zamani kabisa tulizonazo, kama ile hati ya mafunjo ya karibu mwaka 200 na ile Biblia ya karne ya nne inayotunzwa Vatikani, aya ya 22 haina kitenzi chochote. Ndiyo, haina. Paulo anawaambia waamini wote wanyenyekeane kwa kumcha Kristo, kisha papo hapo, bila kuvuta pumzi, anawataja wake kwa waume zao. Kitenzi cha aya ya 22 ni kile kile cha aya ya 21, kimeazimwa. Ukiikata aya ya 21, ya 22 haisimami. Ni kama nikikuambia, "Wanakijiji wote watasaidiana, vijana kwa wazee," halafu wewe uende ukatangaze kwamba mwalimu amesema vijana peke yao ndio wasaidie.

Siwalaumu watafsiri. Walifanya kazi kubwa kwa uaminifu, na Kiswahili changu mimi nimekijenga kwa sehemu juu ya kazi yao. Lakini kila mtafsiri anaingia kazini na nyumba aliyokulia. Alipofika kwa mke na mume, neno lililomjia kwanza ni lile aliloliona nyumbani kwa baba yake. Hivyo ndivyo tafsiri inavyokuwa fasiri, hata mtu asipokusudia.

Kuna jambo jingine hapo ambalo nalisema kwa uchungu. Sentensi hiyo ya Paulo haianzii hata aya ya 21. Inaanzia aya ya 18, na inaanza kwa kukataza ulevi. Msilewe, mjazwe Roho, imbeni, shukuruni, nyenyekeaneni: yote hayo ni mkondo mmoja. Nimewasikia wanaume wakirudi nyumbani saa sita za usiku wakinuka pombe, wakigonga mlango na kumkumbusha mke Waefeso tano. Mwanzo wa mkondo huo huo unamkataza yeye alichotoka kukifanya.

Halafu tazama Paulo alikuwa akizungumza na nani. Ulimwengu wa wakati ule ulikuwa na mafundisho yake juu ya nyumba, tangu enzi za Aristotle: bwana na mtumwa, mume na mke, baba na watoto, jozi tatu, na katika zote mwenye nyumba ndiye anayefundishwa namna ya kutawala. Katika sheria ya Roma baba alikuwa na mamlaka mazito mno juu ya watoto na watumwa wake. Paulo anachukua jozi zile zile tatu ambazo kila mtu alizijua. Lakini anawasemesha wake wenyewe, watoto wenyewe, watumwa wenyewe, kama watu wenye masikio na dhamiri. Na anapowageukia waume, ndipo msikilizaji wa siku ile alitega sikio kusikia neno alilolizoea: watawaleni wake zenu. Neno hilo halikuja. Likaja neno wapendeni, na baada yake aya nyingi kuliko zile za wake, zote zikieleza upendo huo ni wa namna gani: wa kujitoa, wa kulisha, wa kutunza. Hakuna mahali katika sura ile mume anapoagizwa amtiishe mkewe. Paulo hakumpa kazi hiyo.

Ukitaka kuona Paulo alivyofikiri jambo la wawili kuamua, nenda Wakorintho wa Kwanza, sura ya saba. Anaandika kwamba mke hana mamlaka juu ya mwili wake bali mumewe anayo, na hapo mwanaume yeyote wa karne ya kwanza angeitikia. Lakini kalamu haikuishia hapo. Mume naye, anasema, hana mamlaka juu ya mwili wake, mkewe anayo. Na wakitaka kunyimana kwa muda kwa ajili ya sala, wafanye hivyo kwa kupatana. Hapo ndipo anapowaeleza wazi mume na mke namna ya kufikia uamuzi, na njia anayoitaja ni mapatano.

Najua kuna msikilizaji anayesema sasa hivi, "Mama, Biblia haibadiliki. Ninyi mnafuata dunia." Ndugu yangu, nakuheshimu, na nakubaliana nawe: maandiko ni yale yale. Wasomaji ndio tumekuwa tukibadilika, na si kuanzia jana.

Karne ya nne, Yohane Krisostomo alihubiri juu ya sura hii hii. Yeye aliamini mume ni mkuu wa nyumba, hilo hakuficha. Lakini aliwaambia waume wazi kwamba mke hafungwi kwa hofu na vitisho kama mtumwa, na akauliza ni ndoa gani hiyo ambamo mke anamtetemekea mumewe. Uingereza, kitabu cha sala cha Kianglikana cha mwaka 1549 kilimtaka bibi harusi aahidi kutii, na mume hakuahidi hivyo. Kitabu kilichorekebishwa cha 1928, ingawa Bunge lilikikataa, kiliendelea kutumika makanisani, nacho kiliwawezesha maharusi kuapa kiapo kimoja. Binti mfalme Elizabeth alipoolewa mwaka 1947 alitamka neno kutii. Diana alipoolewa mwaka 1981 hakulitamka. Ni kanisa lile lile, na mfano wenyewe umetoka katika nyumba ya kifalme.

Kwa Wakatoliki, Papa Pius XI aliandika mwaka 1930 kwamba mume ni kichwa na mke ni moyo, na kwamba mke amtii mumewe kwa hiari, pasipo kuvunjiwa utu wake. Mwaka 1988 Yohane Paulo II akaisoma sura hiyo hiyo ya Waefeso, akasema kunyenyekea kule ni kwa pande mbili. Na mwaka 2016 Papa Fransisko, katika waraka wake juu ya upendo wa kifamilia, akaandika kwamba maneno ya mtume yalibeba desturi za wakati wake, na akakataa kabisa yatumike kumlazimisha mke kitandani. Sasa ukihesabu kutoka 1930 mpaka 2016 ni miaka 86, umri wa bibi mmoja. Bibi aliyezaliwa mwaka ule aliweza kuyasikia mafundisho yote matatu akiwa amekaa kwenye benchi lile lile la kanisa.

Hata wanaoshika msimamo wa mume kuwa kiongozi wamehama, ingawa mara nyingi hawasemi. Zamani sababu iliyotolewa na wanateolojia wakubwa ilikuwa kwamba mwanamke ni dhaifu wa akili kwa maumbile. Leo hutamsikia mchungaji makini akisema hivyo. Mwaka 1987 wanateolojia wa Marekani walitunga tamko lao mjini Danvers la kutetea uongozi wa mume, na humo wakasema mume na mke ni sawa kwa utu na tofauti kwa majukumu. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani waliingiza fundisho la namna hiyo katika ungamo lao mwaka 1998: mke amnyenyekee mumewe, mume aongoze kwa kutumika, wote wawili wana thamani sawa mbele za Mungu. Rais mstaafu Jimmy Carter, aliyekuwa Mbaptisti maisha yake yote, alitangaza mwaka 2000 kwamba anajitenga na umoja huo, na nafasi ya wanawake ilikuwa miongoni mwa sababu zake. Lakini hata wale aliowaacha walikuwa wamekwisha kutoka mahali babu zao walipokuwa. Fundisho la "sawa kwa utu, tofauti kwa majukumu" ni fundisho la nusu ya pili ya karne ya 20. Nalitaja hili bila kuwabeza. Nataka tu tuache kuambiana kwamba upande mmoja unashika ya kale na upande mwingine umeleta mapya.

Sasa niruhusu nikupeleke Unguja, Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale Waanglikana wa misheni ya UMCA wakajenga kanisa kuu. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, mwanzilishi wa kazi ya tafsiri iliyozaa Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1891. Tafakari jambo hili kwa utulivu. Mwaka 1891 utumwa ulikuwa bado ni halali kisheria Zanzibar. Hadhi hiyo iliondolewa mwaka 1897. Kwa hiyo kwa miaka sita kulikuwa na Mwafrika aliyeweza kushika Biblia kwa lugha yake, ndani ya kanisa lililojengwa sokoni alikouzwa mama yake, na kukuta humo Waefeso sita aya ya tano, watumwa wakiagizwa wawatii mabwana zao. Na walioichapa Biblia hiyo ndio waliopinga utumwa. Hawakuirarua ile aya. Waliisoma pamoja na Kutoka, pamoja na waraka kwa Filemoni, pamoja na neno kwamba katika Kristo hakuna mtumwa wala huru, na wakaona kwamba Paulo alikuwa akiwaelekeza watu waliokwama ndani ya mfumo, bila kuubariki mfumo wenyewe. Kusini mwa Marekani wahubiri walikuwa wameisoma aya hiyo hiyo kwa namna nyingine, mpaka Wabaptisti wakagawanyika mwaka 1845. Na mwaka 1995 Wabaptisti wa Kusini wenyewe wakaomba radhi.

Neno lile la Wagalatia, hakuna mtumwa wala huru, linaendelea: hakuna mwanamume wala mwanamke. Kama tulikubali kipande cha kwanza kiisome upya Waefeso sita, kwa nini kipande kinachofuata tukizuie mlangoni kisiingie Waefeso tano? Swali hili nimewauliza wachungaji ninaowapenda na kuwaheshimu. Wengine wananijibu kwamba utumwa ni dhambi ya wanadamu lakini ndoa Mungu ameiweka tangu Edeni. Ni jibu zito, silipuuzi. Basi twende Edeni. Mwanzo sura ya kwanza, wote wawili, mume na mke, wanapewa kutawala. Wanatawala nchi, samaki na ndege, si mmoja kumtawala mwenzake. Sura ya pili mwanamke anaitwa msaidizi, na masikio yetu ya Kiswahili yanasikia msaidizi wa ofisini, msaidizi wa kazi za ndani. Neno la Kiebrania lililopo hapo ndilo linalotumika mara nyingi kwa Mungu mwenyewe anapowasaidia Israeli. Ndilo lililo nyuma ya neno msaada katika Zaburi ya 121, ile ya kuinua macho kutazama milima. Hakuna anayedhani kwamba Mungu, kwa kuwa msaada wetu, yuko chini yetu. Mume kumtawala mke kunatajwa kwa mara ya kwanza sura ya tatu, baada ya tunda, pamoja na miiba na jasho. Miiba tunaing'oa shambani kila msimu. Hakuna mkulima anayeitunza kwa sababu imetajwa katika Mwanzo.

Nimesema jibu langu lilibadilika. Kilichonibadilisha kwanza hakikuwa Kiyunani. Ilikuwa vitumbua.

Mwaka 1985 mimi nilikuwa mwalimu na mume wangu mtumishi wa serikali. Mnaokumbuka miaka ile mnajua: mishahara miwili ilikuwa haifiki katikati ya mwezi, na sukari ilikuwa ya foleni. Kila nyumba ya mfanyakazi ilikuwa na mradi. Huyu anafuga kuku, yule anauza barafu, mwingine anakaanga maandazi. Mimi nikaanza vitumbua. Nilikuwa naamka saa tisa usiku nipike, niende kufundisha, nirudi niloweke mchele. Mwezi wa pili nikaugua. Usiku mmoja nikaamka na homa, nikasikia sauti jikoni. Nikamkuta mume wangu, Baba Upendo, anatwanga mchele. Alikuwa ameshusha pazia la dirisha akalibana na misumari, jirani asione. Alikuwa mwanamume wa heshima, mwimbaji wa kwaya, na kwa mafundisho aliyolelewa nayo kazi ile ilikuwa si yake. Lakini watoto walitakiwa kula, na mke alikuwa anaumwa. Upendo ulikuwa umemfikisha jikoni kabla tafsiri yake ya Biblia haijafika. Miaka mingi pazia lile lilibaki limeshushwa.

Nadhani ndivyo ilivyotokea katika nyumba nyingi. Mke alipoanza kuleta unga, watu wakaikumbuka Mithali 31, yule mwanamke anayekagua shamba akalinunua, anayefuma na kuuza nguo. Sura hiyo ilikuwapo siku zote. Siku hizi haikosekani kwenye Siku ya Wanawake.

Wengine walifika mapema zaidi. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka Uganda mpaka Kenya na Tanganyika, uliwafanya waume wasimame na kuungama dhambi zao mbele ya wake zao. Kwa mwanamume wa zama zile hilo lilikuwa jambo zito kuliko kufiwa na ng'ombe. Waliookoka wakaanza kula meza moja na wake zao, na ndugu zao wakawacheka. Hawakuwa na kitabu cha teolojia ya usawa. Walikuwa na msalaba, na walipokaa chini yake walikuta hakuna kiti cha mkubwa. Baadaye walikuja wenye vitabu pia: mwaka 1989 wanateolojia wanawake wa Afrika walikutana Ghana, wakiitwa na Mercy Amba Oduyoye, na miongoni mwao alikuwa Musimbi Kanyoro wa Kenya, mwanaisimu aliyefanya kazi ya ushauri katika tafsiri za Biblia. Haikunishangaza kusikia kwamba ni mtu wa tafsiri. Anayefanya kazi na vitenzi hawezi kulala usingizi.

Sasa nifike ninapoona vigumu kufika.

Zamani, kabla sijawa mzee wa kanisa, dada mmoja wa kwaya yetu alikuja kwangu na jicho limevimba. Alikuwa ametoka kwa kiongozi mmoja wa kanisa. Alikuwa ameambiwa arudi nyumbani, aombe, avumilie, kwa sababu mvumilivu hula mbivu na mwanamke mpumbavu hubomoa nyumba yake. Na akasomewa Waefeso tano, aya ya 22. Nami, msikilizaji, sikumwambia lolote tofauti. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Nilidhani ninatii Neno la Mungu. Alipigwa tena mara nyingi kabla ndugu zake hawajaja kumchukua. Hilo nitaendelea kulibeba.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ilikuwa imekwisha kusema tangu 1971, kifungu cha 66, kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, desturi iseme iwavyo. Serikali ilikuwa imefika mahali ambapo sisi wa kanisa tulikuwa bado tunasindikizana mlangoni. Na Biblia yetu wenyewe ilikuwa imesema. Mtume Petro, yule yule anayetajwa kwa kumsifu Sara aliyemwita mumewe bwana, anawaonya waume wakae na wake zao kwa akili na heshima, sala zao zisije zikazuiwa. Sara mwenyewe, katika Mwanzo 21, Mungu anamwagiza Abrahamu aisikilize sauti ya mkewe katika yote anayomwambia. Na kuna Safira, katika Matendo sura ya tano. Mumewe Anania alipanga kusema uongo juu ya bei ya kiwanja, naye akakubaliana naye. Petro alimhoji peke yake, akajibu peke yake, akafa kwa neno lake mwenyewe. Hakuulizwa kama alikuwa anamtii mumewe. Ninapofundisha sasa, Safira simwachi nje ya darasa.

Wanaosema mume ni kichwa hawajazua neno, limeandikwa. Lakini sisi Waswahili tukisikia kichwa tunaona kichwa cha treni, kile kinachovuta mabehewa yaende kinakotaka. Paulo alikuwa na mwili akilini, kichwa na mwili vyenye damu moja. Wanazuoni wanabishana mpaka leo kama neno lile la Kiyunani lilimaanisha mamlaka au chimbuko, nami sitajifanya hakimu wao. Namtazama Paulo mwenyewe anapoeleza kichwa hiki kinafanya nini: kinajitoa, kinalisha, kinatunza. Kristo anayetajwa pale ni yule aliyejifunga taulo akaosha miguu, na ni yule aliyewasha makaa ufuoni akawachomea wanafunzi samaki wa asubuhi.

Na ule msemo wa kwenye sherehe, kwamba mume ni kichwa na mke ni shingo inayokigeuza, mimi siupendi. Watu wanaupigia vigelegele wakidhani unampandisha mke. Unamfundisha apite nyuma, azungushe, apate kwa ujanja kile alichostahili kukisema mezani kwa sauti yake. Binti akifundishwa hivyo kwenye kicheni pati, ataingia ndoani akiwa amejiandaa kumshinda mumewe kwa siri. Prisila na mumewe Akila hawakuishi hivyo. Walishona mahema pamoja, walimkaribisha Paulo pamoja, na Apolo mwenye ufasaha alipohitaji kuelekezwa walimchukua pamoja wakamfundisha. Katika mara sita wanapotajwa, mara nne jina la mke linatangulia, na waandishi hawaoni haja ya kueleza kwa nini.

Basi turudi darasani. Yule binti alikuwa bado ameushikilia mkono wake nusu juu. Nikamwomba mchumba wake apande aya moja, asome ya 21. Akasoma polepole. Nikamuuliza, "Neno hilo linaishia na nini?" Akasema, "Na -ana, mwalimu." Alikuwa amewahi kuwa mwanafunzi wangu darasa la sita. Nikamuuliza yeye, si binti: "Sasa wewe ukitaka aache kazi, aya hii inakutaka ufanye nini kwanza?" Akafikiri kwa muda mrefu. Mume wangu akataka kumsaidia, nikamgusa goti anyamaze. Kijana akasema, "Nimuulize. Na kama hataki, nami nikubali inaweza kuwa mimi ndiye nimekosea." Kisha akamgeukia mchumba wake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni mama yake ndiye amekuwa akisisitiza jambo hilo la kazi, na hakujua amwambieje.

Hawakumalizana pale. Yapo mengi ya huyo mama mkwe ambayo hayawezi kumalizwa kwa Jumamosi moja. Wiki ijayo wanarudi kwa somo la fedha, na tumewaambia kila mmoja aje na hati yake ya mshahara.